Gundi Imekwisha

Sanduku nililipata gerejini kwa Tjalda,
chini ya mazulia na kizimba kitupu cha njiwa.
"Euro kumi," alisema, "na usilirudishe."
Kifuniko kilichorwa boti ya kukokota meli,
moshi mweusi, bahari imekasirika;
nusu ya bahari ilikuwa imeliwa na panya.

Ndani: mkuku, na mataruma tisa yamesimama
kama mifupa ya samaki aliyeliwa kwa adabu.
Taruma la tano lilikaa kombo.
Mbao za ubavu, saba kulia, sita kushoto.
Rimoti kubwa kama redio ya jikoni
na betri zilizotapika kijani, zikakauka.

Chini kabisa, pembeni mwa ramani,
kwa penseli, herufi zimelalia upande:
Gundi imekwisha. Jumatatu.

Hakuna mwezi. Hakuna mwaka.

Mimi nilikuwa mfungua malango ya mfereji hapa Emden,
miaka thelathini na miwili nikipandisha maji na kuyashusha
ili wengine wapite.
Najua kungoja. Lakini Jumatatu hii
imengoja kunishinda.

Basi nikaanza kwa kubomoa.
Gundi ya kale ilikuwa kahawia kama sukari iliyoungua;
ukiigusa kwa kisu inalia tik, inaachia.
Nikapiga msasa mpaka meza ikawa jangwa,
mpaka chai ikawa na ladha ya msonobari.
Mbao mpya nilizipinda kwa mvuke wa birika:
unashika, unasubiri, unapinda kidogo,
na ukidhani umefaulu, kah! vipande viwili.
Nilivunja nne. Ya tano ilikubali,
nadhani ilichoka kunikatalia.
Vibanio vya nguo thelathini na kimoja
viliikamata kutoka omo hadi tezi,
na soksi zangu wiki nzima zilikaukia vitini.

Lile taruma la kombo ningeweza kulinyoosha.
Sikulinyoosha.

Usiku nilimuwaza Habbo, marehemu mume wa Tjalda.
Nilimtungia kifo: amevaa koti,
anakwenda kununua gundi, barabara ina barafu, lori.
Usiku mwingine, homa.
Usiku mwingine, vita, ingawa miaka haikukubali.
Kila ubao niliubandika taratibu
kama mtu anayemfumba mwenzake macho.

Kazi ilipokaribia kwisha nikaenda kwake.
Tjalda alimimina chai juu ya bonge la sukari, likapasuka;
krimu ikazama, ikapanda tena kama wingu.
Kwetu hatukorogi.
Kwenye kikombe cha tatu nikauliza:
Jumatatu ile, ilikuwaje?

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.
"Duka la gundi lilipakana na mnada.
Alirudi na njiwa wawili.
Miaka arobaini na sita, Frerk, mavi ya njiwa!
Na hiyo boti hakuitaja tena."

Nilirudi nyumbani nimenuna,
kama mtu aliyelia kwenye mazishi yasiyomhusu.

Aprili. Mfereji umetulia, bata wanne.
Mota mpya, betri ndogo kama kiberiti,
chubwi za wavuvi tumboni, nyingi upande wa kulia,
na bado boti ilikwenda ikijipinda.
"Inavuta kushoto," nilimwomba radhi.
"Na yeye hivyohivyo," alisema.
"Dansini tuligonga ukuta uleule kila wimbo."

Akaninyang'anya rimoti.
Akaipeleka katikati ya bata, kwa makusudi,
mama wa miaka themanini na mmoja,
ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo,
na tezi, kwa rangi nyeupe
iliyoandikwa na mkono unaotetemeka,
jina likapita mbele yetu: JUMATATU.

Ilikuwa Alhamisi.

"Gundi ilibaki?" aliuliza, bila kunitazama.
Nusu chupa, nikamwambia.
"Ilete kesho. Nina kiti kinayumba."