Daftari la Injini

Ukurasa wa kwanza nimeandika: milioni moja na laki nane.
Nikapiga mstari chini yake mara mbili, kama mwalimu,
nisije nikajidanganya usiku.
Ni zamu yangu ya upatu, na zile za kibubu
ambazo Sikudhani alinihesabia bila kunitazama usoni.

Pikapu ni ya mwaka niliokuwa darasa la tatu.
Injini yake, 22R, inakunywa oili kama mgonjwa anavyokunywa uji,
kidogo kidogo, kila saa.
Nabeba barafu kutoka Chang'ombe
hadi kumbi za harusi za Mbezi na Tegeta,
na barafu haina subira.
Kuna Jumamosi foleni ya Mwenge iliimeza yote:
nilifika na turubai na maji,
bibi harusi akaletewa soda ya vuguvugu.

Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika.
Ya pili sikuiandika:
taa za Veta zikiwaka kijani
wale vijana wenye magari yaliyoinama
wanione kisogo tu,
namba ya usajili na harufu ya barafu.

Gerezani, Temba ananionyesha tabo.
Ameifuta kwa mafuta ya taa, inang'aa kama jino la dhahabu.
"Laki sita na nusu, bwana. Kwa sura yako."
Sura yangu haijawahi kupunguziwa bei na mtu,
nikajua hapa pana jambo.
Naizungusha kwa kidole, inaimba.
Naishika shafti, naitikisa: inacheza
kama jino la mtoto wa miaka sita.
Nikamrudishia.
Mkono ndio uliochelewa kuiachia.

Fundi Mkumba, Keko, hana haraka na mtu.
Aliegemeza bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni,
akafumba macho, akasema,
"Nguvu unazotafuta ulishazinunua. Zimezibwa tu."
Akanipa tupa na msasa wa mia na ishirini.
Wiki mbili, kila jioni, nje ya mlango wetu,
nimekwangua njia za hewa kwenye hedi,
kuta zilizotoka kiwandani na makovu ya mchanga,
mpaka kidole changu cha mwisho kikapita bila kukwama.
Watoto wa jirani walidhani nasugua sufuria.
Gharama: msasa, elfu nne.
Kucha sikuzihesabu.

Kwa Jivraj bloku limechongwa, pistoni za hamsini juu.
Hedi amepunguza unywele mmoja, siyo miwili,
maana petroli yetu tunaijua.
Kamshafti anainoa upya mwenyewe,
anapima kwa mikrometa aliyoachiwa na baba yake,
na akiwa anapima hapokei simu, hata ya mkewe.

Naandika, nafuta.
Ringi zinapanda bei kati ya asubuhi na adhuhuri.
Manifoldi ya eksozi ataiunga Mkumba
kwa mabomba ya kitanda cha hospitali;
nimeuliza mara mbili kama anatania.
Zimebaki laki mbili na kumi:
kabureta ya midomo miwili, mtumba, safi.
Nimeichora kabisa pembeni, na mshale.

Sikudhani anachambua mchicha, daftari liko gotini kwake.
Anafungua, anafungua.
"Breki ziko ukurasa gani?"

Nikamwambia nyuma.
Akafungua nyuma.
Akaendelea kuchambua mchicha.

Basi nimeifuta kabureta, na mshale wake,
karatasi imechubuka pale.
Breki na mipira yake: laki moja na tisini na sita.
Zimebaki elfu kumi na nne.
Naandika: petroli, ya kujaribia mlima wa Pugu,
kwenda tu.

Kwenye jalada la nyuma, kwa penseli, kwa maandishi madogo,
bado ipo bei ya Temba.
Sijaifuta.
Upatu utazunguka tena mwezi wa tano.