Mwiko

Miaka thelathini na moja nilisikiliza Mashine ya Tatu
ikinywa uji wa misonobari, ikitema karatasi.
Kabla taa haijawaka nyekundu nilishajua
rola ipi imekaukiwa grisi, mkanda upi umechoka.
Vijana walikuja na vipimo vyao vya kidijitali;
mimi niliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma,
mpini sikioni, nikafumba macho:
ile beringi ya saba.
Na ilikuwa ile ya saba.

Machi wakakifunga kiwanda. Wakatuletea keki
yenye jina la kampuni kwa krimu ya buluu.
Mimi nilikula herufi ya mwisho.
Julai Tuulikki akaondoka, bila sauti,
akaniachia vikombe sita kati ya kumi na viwili.
Mwanamke wa haki, hata siku ile.

Kelele ilianzia dukani, mbele ya friji ya maziwa.
Kifuani. Si mapigo, jamani: chuma kikisaga chuma.
Nikaliacha toroli na siagi ndani yake,
nikajifungia garini, vidole vikifa ganzi,
hata vioo vikajaa ukungu wa pumzi zangu
nisiione Ufini yote.

Hospitalini wakanibandika nyaya.
"Moyo wako mzima, Bwana Kettunen."
Nani hupewa habari hiyo akanywea?
Ungekuwa umeharibika, ningeagiza kipuri.

Kwetu kusema ni mwiko.
Mtu huyamwagia maji mawe ya sauna,
mawe yakafoka kwa niaba yake,
basi, ameshasema.
Babu alirudi vitani akapasua kuni miaka arobaini;
ghala tatu zikajaa hadi paani
na hakuna aliyemuuliza
ni baridi gani hiyo anayoiogopa.

Wiki kumi na moja nilingoja zamu yangu kwenye orodha.
Chumba kilikuwa juu ya duka la miwani.
Inkeri Vuolle, mtaalamu, soksi za sufu, daftari lisilofunguliwa.
Kisanduku cha tishu mezani
kama zana ambayo sikufundishwa kuitumia.
Nikamweleza habari za matairi ya majira ya baridi.
Dakika ishirini. Misumari yake, bei yake.
Hakunikatiza. Kisha:
"Na hiyo kelele, hupanda saa ngapi?"
Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikasema.
Kila siku. Hata Jumapili.
"Na saa hiyo, zamani, ulikuwa wapi?"

Nje gari la kukwangua theluji lilipita, likageuka, likapita tena.
Nilikuwa navaa buti.
Mwili bado unakwenda zamu,
hakuna aliyeuambia.

Sikulia. Ilikuwa pua tu, Novemba ile.
Nilitumia tishu nne.

Leo nimeamka saa ileile, giza limeshika madirisha,
kelele imeshaingia kazini kabla yangu.
Sikuwasha redio. Nikafungua droo ya jikoni,
nikatoa mwiko aliousahau Tuulikki
(au aliuacha makusudi; hilo nalo itabidi nilitaje),
nikaketi ukingoni mwa kitanda,
kichwa cha mwiko kifuani, mpini sikioni,
shingo nimeipinda kama mjinga,
mguu mmoja una soksi, mwingine hauna.

Si ya saba.
Sijajua ni ya ngapi.
Alhamisi, saa nane, nitamwambia ilivyolia.