Mla Viapo

Ijumaa, Wrocław. Theluji imeganda kwenye ngazi
za duka la Bogumił, chini ya ardhi,
harufu ya soksi mbichi na chai ya limau.

Radomir amemleta leo.
Mshahara wa miezi miwili wa kusambaza piza
umelala ndani ya kijaladi cha plastiki:
Mla Viapo, shetani wa nguvu tisa,
mabawa kama mapazia ya nyumba iliyoungua.
Hata Malkia wa Kutu, hata Pacha wa Kaburi,
tuliowaogopa wiki jana,
wakawa mbuzi.

Lakini yale maandishi madogo chini ya picha, jamani:
Kila zamu, mlishe kiumbe chako kimoja.
Ukikosa, atakula.

Lisome tena hilo neno.

Bibi Ludwika, dereva mstaafu wa tramu,
hakumgusa shetani.
Akatoa kadi zake za vijisenti, pembe zimekunjika:
Ukungu. Ukungu tena. Panya.
Akaviua viumbe vya Radomir kimoja kimoja
kama mtu anayechambua mchele.

Zamu ya saba, kijana hana wa kumlisha.

Husemwa zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Huyu alimjua Radomir kwa jina na kwa deni,
akamla, akamaliza.

Ludwika anavaa glavu.
"Tramu ya saa nne hainingoji."

Radomir bado ameketi,
anafuta alama ya kidole kwenye plastiki,
taratibu,
kama anayempangusa mtoto mdomo.