Futi ya Fundi

Siku aliyopata viza, Ndinda alitandika atlasi ya shule
juu ya cherehani, akaweka kidole Toronto.
Nikavua futi shingoni,
hii hii ijuayo viuno vya nusu ya Tassia,
nikapima toka Nairobi. Inchi tano na robo.
"Mbona karibu," nikasema. "Mkono wa blauzi ya mtoto mchanga."

Akacheka hadi akakalia vitambaa vya watu.
"Mama, dunia ukiipima imelala, inakudanganya."
Akatwaa chungwa, akachomeka pini mbili,
akavuta uzi mweusi kati yake.
Uzi haukushika njia niliyoidhania:
ulipanda jangwani, ukagusa Ulaya,
ukavuka maji kwa juu kabisa, ndipo ukashuka.
Kilomita elfu kumi na mbili na ushei.

"Na hiyo," akasema, "ni ya ndege isiyokuwepo.
Yangu inapitia Doha."
Yaani aendaye magharibi hutolewa kwanza mashariki,
kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Saa tano angani, tatu za kungoja, kumi na nne angani tena.
Nilizijumlisha kwa chaki, upande wa ndani wa sketi.
Tiketi iliandika ishirini na tatu na dakika hamsini na tano.
Saa zangu mimi huishia kumi na mbili, zikaanza upya;
hiyo ishirini na tatu ilikuwa saa ya nani?

Uwanjani sisi wa kusindikiza tulibaki nje ya kioo.
Nilikuwa bado napunga mkono
askari aliponijia na kitu ndani ya tishu:
mkasi wangu wa kwanza, nilioufichia begini mwake.
"Huu hausafiri, mama."

Nikarudi, nikashona.
Ndege hupita juu ya bati letu usiku kucha;
miaka kumi na sita nilizisikia kama watu wasikiavyo mvua ya jirani.
Usiku ule kila moja nilisimamisha mguu.
Kola nne: yuko Doha.
Kulipokucha nilianza sare za Mutanu, sketi za plita,
nikala, nikagombana na mwenye nyumba juu ya maji,
nikashona tena. Bado yuko angani.

Saa nne usiku simu ikalia.
"Nimefika. Huku ni saa tisa mchana, jua kali."
Nikachungulia nje. Muuza chapati alikuwa anazima jiko.
Mchana gani huo? Wetu tulishaumaliza,
mimi mwenyewe niliumaliza, sketi kumi na moja, hizi hapa.
Kumbe alikuwa ameingia katika saa nilizokwisha kuzitumia
na kuzikuta bado zina joto.

Futi imerudi shingoni. Huishia inchi sitini.
Mkasi nimeutia mafuta.
Chungwa liko dirishani na pini zake,
sijaruhusu mtu alimenye.
Linasinyaa kila siku kidogo,
na uzi umeanza kulegea.