Wa Arobaini na Moja

Nilimkuta Lempi Karppinen uani, theluji magotini,
ameukumbatia msumeno wa mnyororo
kama mtu aliyebeba kuku asiyejua kama bado yu hai.
"Kilo kumi na mbili," alisema.
"Urpo aliupima kwenye mizani ya viazi."
Nikampa euro thelathini na mkate wa rai aliooka Marketta,
Marketta ambaye juzi tu aliniuliza,
macho yakiwa kwenye sindano za kufumia:
arobaini haitoshi?

Hapa Kainuu, mwezi wa pili, mchana ni mfupi kama njiti ya kibiriti.
Bandani kuna jiko la kuni, balbu moja,
na rafu ambako mingine imelala ubavu.

Sianzi na spana. Naushika kwa kamba ya kuwashia,
nauacha uning'inie.
Ukianguka puu, silinda haina pumzi.
Ukishuka kwa vituo,
kama mtu anayeteremka ngazi gizani,
basi ndani kuna mtu.
Huu ulituama mara tatu.
Nikasema, ahaa.

Plagi nikaiegemeza kwenye chuma, nikavuta. Kimya.
Nikapiga msasa pointi za sumaku, nikavuta. Kimya.
Nikazima balbu,
na gizani, tik,
cheche ya buluu, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Kabureta ilijaa petroli ya miaka ishirini na sita,
imeganda kama gundi ya fundi viatu.
Kiwambo kimekakamaa. Nikaagiza kingine Ujerumani,
kikachukua siku kumi na moja,
na siku zote hizo nililala vibaya.

Chini ya kifuniko cha feni, unga wa mbao umeshikana na oili.
Nikaunusa: msonobari.
Mti wa mwisho wa Urpo, au wa kabla ya mwisho.
Nikautia kwenye kopo la kahawa, sijui kwa nini.
Mpini umelika mahali pa vidole vinne.
Nikaweka vyangu. Havikukaa.

Wanasema msumeno hukata mbele na nyuma.
Labda ule wa mkono.
Huu huzunguka, ukamrudia aliyeushika.
Lempi alinieleza: asubuhi za baridi
vidole vya Urpo vilikuwa vyeupe kama mishumaa,
hakihisi kikombe kiganja chake,
na vifungo vya shati alivifunga yeye, miaka tisa.
Enzi hizo hapakuwa na springi wala mpira
kati ya injini na mfupa.

Basi ninatengeneza nini mimi?
Namwamsha mbwa aliyemng'ata mwenyewe?
Niliuliza hivyo huku nikisugua mapezi ya silinda
kwa mswaki wa Marketta. (Hajui.)

Jumamosi Lempi alikuja bila kualikwa,
amesimama juu ya sleji yake ya kusukuma kwa mguu.
Mvuto wa saba, ukakohoa.
Wa nane, ukanguruma,
theluji ikaporomoka kutoka paa la sauna,
kunguru wote wakahama kijiji.
Alivua glavu.
Akaweka kiganja juu ya mpini, injini ikiwaka,
mkono wote ukatetemeka hadi begani, hadi shavuni.
Nilihesabu mpaka ishirini.
Akautoa, akatazama vidole vyake
kimoja kimoja, kama anayehakiki chenji.

"Ndivyo," alisema. "Ndivyo ulivyokuwa. Zima."

Nikazima. Hakunywa kahawa.

Sikuupaka rangi; jina la kiwanda limebaki herufi tatu, na zibaki.
Usiku nikafungua daftari, safu ya hali,
nikaandika: unafanya kazi.
Nikafuta.
Nikaandika: umewaka mara moja.