Barua ya Koplo Ndetaulwa kuhusu Saini

Bwana Mganga Mkuu wa Wilaya,
nasikia Sista Aikande ametakiwa kujieleza
kwa kunipandishia dawa ya presha
bila saini ya daktari.

Saini.
Ngoja nivue shati.
Chini ya bega hapa kuna mshono
uliopinda kama mfongo unaotafuta njia mlimani.
Ulishonwa Lukaya, usiku wa mvua,
na kijana wa Singida aitwaye Mughenyi,
mstari mmoja tu mkononi,
tochi kaing'ata kwa meno.
Daktari wetu alikuwa nyuma, ng'ambo ya mto.
Damu haikumsubiri.

Zahanati yetu hapa Uru ina mizani,
friji ya mafuta ya taa,
na benchi lililolainishwa na makalio yetu.
Daktari huja Alhamisi.
Mvua za Aprili zikilegeza udongo,
Alhamisi nayo haipandi.

Usiku ndio mgumu.
Mgomba ukielemewa na mkungu, ukaanguka,
mimi niko uvunguni,
na Mama Elinisafi ananiita taratibu:
"Ni ndizi, baba. Ni ndizi tu."
Daktari aliniuliza, "Unalala?"
Nikasema nalala. Akaandika.
Sista aliniuliza,
"Unalala wapi?"

Sikatai, alikosea mara moja.
Mwezi wa Juni kipimo kilizidi,
nikaanguka kwenye kahawa, mimi na kikapu.
Alipanda kilima gizani, viatu mkononi,
akasema mbele ya mke wangu, "Kosa hili ni langu,"
akanipima kila saa mpaka jogoo.
Daktari angekuwepo, labda nisingeanguka.
Labda. Hilo nakuachia wewe uliyesoma.

Muulize maswali, ni haki yako.
Mpe namba ya daktari,
na daktari anayepokea simu.
Ila usimfunge mikono
halafu ukamwachia kijiji kizima akibebe.

Barua nimeifunga kwa jani la isale.
Kama wewe si wa huku, uliza karani wako:
mtu akiletewa isale hageuzi uso.

Saini yangu ndiyo hiyo hapo chini.
Usishangae imeyumba.
Leo sijapimwa, na vidonge viliisha jana;
zahanati ina kufuli,
Sista yuko Moshi mjini, kwenye korido yako,
anasubiri kujieleza.