Salme Anauliza Habari za Bustani

Simu inalia saa moja jioni, kila jioni,
kama mtu aliyepangiwa zamu.
"Leelo, umeshachimba dalia?"
Bado, nasema, nikitazama nje.
Dalia zimesimama nyeusi, shingo zimelegea.
Jalidi ilizipitia juzi usiku:
haikuvunja hata kikonyo kimoja,
ilizipika tu zikiwa wima.

"Usikawie. Udongo ukishashikana, hutauweza."
Nyumba aliniuzia mwezi wa Machi.
Bustani, naona, aliondoka nayo.

Sasa anakaa Tartu, ghorofa ya tatu,
dirisha lake latazama maegesho ya magari
na mti mmoja wa manispaa
ambao, anasema, hakuna anayejua kuupogoa.

Basi nachimba.
Uma nauchomeka shubiri mbili kutoka kwenye shina,
kama nilivyoelekezwa,
naukanyaga, naulaza, nasikia mizizi ikikatika
kwa mlio wa mtu anayealisha vidole.
Kiazi kinatoka na udongo wake, kizito,
mafundo mafundo kama mfuko wa viatu vya watoto.
Nakikung'uta. Sikioshi. Salme amekataza kuosha.
Kila kimoja kina kibao chake,
na juu ya vibao si majina ya maua, ni ya watu:
Hilja wa posta.
Mwalimu Endel.
Yule mama wa Räpina mwenye mbwa.
Kimoja kimeandikwa tu: usimpe mtu.

Nyuma ya mlango wa banda la zana
kuna penseli ya Salme, mwaka chini ya mwaka,
siku ya jalidi ya kwanza.
Septemba nane. Oktoba tatu. Septemba ishirini na moja.
Kuna mwaka usio na tarehe, una mstari tu,
nami sijathubutu kuuliza.

Kitunguu saumu nimeshapanda, punje mia na ishirini,
ncha juu, kina cha kidole.
Kupanda kitu wiki tatu kabla ya theluji
ni kumkopesha fedha mgeni
na kwenda kulala.
Mpira wa maji nimeukamua, nimeukunja.
Rundo la majani kando ya ua nimeliacha,
kalunguyeye amehamia humo
na hakuniomba ruhusa.

Swali la mwisho huwa lilelile.
"Na mtofaa wangu? Umezaa?"
Umezaa, nasema.

Mtofaa nimeukata Agosti.
Uyoga wa rangi ya asali uliota shinani kote,
na ndani palikuwa wazi kama bomba.
Raivo alikuja na msumeno wake,
dakika arobaini, pamoja na chai.

"Umezaa sana?"
Matawi yameinama, nasema,
maana uongo nao, ukishaota,
hudai kumwagiliwa.

Jana akaniambia: "Niletee ndoo moja."
Leo asubuhi nikaenda sokoni Võru,
nikainama juu ya makreti ya watu
nikinusa tofaa moja moja
kutafuta harufu ya mti niliounusa mwaka mmoja tu.
Mwuzaji akauliza kama ninaumwa.

Jioni, simu.
Nikavuta pumzi niseme.
Akanitangulia:
"Leelo. Ule mti ulikuwa na tundu, upande wa kaskazini.
Nililiziba kwa matope, nikalipaka chokaa
siku moja kabla hujaja kuitazama nyumba."

Tukanyamaza, kila mtu na ncha yake ya waya.
Nje kalunguyeye alikuwa akichakura majani.
Jikoni kwangu, ndoo nzima ya matofaa ya watu.

"Haya," akasema Salme, "na karoti?"

Karoti bado zimo ardhini.